Naomba ushauri: faili la wagonjwa likifutwa majina, bado ni siri?

Mtoto wa Makorora (mtoa mada)
Habari za jioni wakuu. Naomba kueleweshwa, kichwa kinaniuma tangu juzi. Nipo Tanga mjini, ni mtu wa takwimu kwenye kituo kimoja cha afya cha binafsi. Kazi yangu ni kujaza MTUHA (vile vitabu vya taarifa za huduma za afya), kutuma ripoti ya mwezi kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, na kuangalia mfumo wetu wa kompyuta wa kituo usilale. Kuna semina tuliambiwa data iliyofichwa majina na data isiyotambulika kabisa ni vitu viwili. Siku ile sikuelewa, wali ulikuwa umeshafika. Sasa nauliza: ukichukua faili la wagonjwa ukafuta majina na namba za simu, linabaki siri au linakuwa takwimu tu kama takwimu nyingine? Wenye ujuzi tafadhali. Utani pembeni.

Kahawa Chungu
Kuandika "utani pembeni" humu ni sawa na kumwachia paka dagaa umwambie alinde. Nimekaa pale.

Fundi wa Chumbageni
Ni vitu viwili kweli mkuu. Ukimtoa Mwanaidi ukaandika 0417, halafu kuna daftari kabatini linalosema 0417 ni Mwanaidi, hapo umemvisha nikabu tu. Mwenye daftari anamfunua akitaka. Isiyotambulika kabisa ni ile ambayo hata wewe uliyeitengeneza huwezi kurudi nyuma ukajua nani ni nani.

Na usichanganye na ripoti yako ya DHIS2. Ile ni jumla: malaria chini ya miaka mitano wangapi, wajawazito wangapi. Inasema wangapi, haisemi nani. Faili lenye mstari mmoja kwa kila mgonjwa ni mnyama mwingine. Umebakiza nini humo?

Mtoto wa Makorora
Vya kawaida tu mkuu. Umri, jinsia, mtaa, tarehe aliyokuja, na kodi ya ugonjwa, yaani alama yake kwenye ICD-10, ile orodha ya kimataifa ya magonjwa.

Kahawa Chungu
Mimi kodi ninayoijua ni ya mwenye nyumba, na ugonjwa unaoambatana nayo ni presha.

Nesi Mstaafu
Presha nayo ina kodi yake, I10. Msiichezee hiyo ICD, wanangu. Sisi tulianza kazi na madaftari makubwa ya karatasi, unapiga vistari vinne kisha unavikata na cha tano, mwisho wa mwezi mnahesabu hadi macho yanatoka maji. Kila mwenye joto aliandikwa malaria. Hakuna kipimo, hakuna nini, ukiwa na homa Tanga wewe ni malaria. Wenzetu walishaipitisha ICD-10 mwaka 1990, lakini kwetu kijijini tuliijua baadaye sana, alikuja kijana mmoja akatuambia malaria isiyothibitishwa ni B54 na homa isiyojulikana chanzo ni R50.9, kwa hiyo tuache kumwaga wote kapu moja. Tulimwona anatusumbua. Mwezi wa kwanza tulipotenganisha, malaria ya kituo ikashuka karibu nusu, na mganga wetu akadhani tumeibiwa wagonjwa! Nasikia sasa kuna ICD-11 tangu Januari 2022. Mimi nilishastaafu, magoti yangu hayana kodi.

Phoenix ya Babu
Mama shikamoo. Kweli kuna kodi ya mtu kugongwa akiwa kwenye baiskeli?

Nesi Mstaafu
Marahaba. Ipo. V10 ni mwendesha baiskeli aliyegongana na mtembea kwa miguu au mnyama.

Phoenix ya Babu
Yaani waliokaa kuandika hiyo walipita Ngamiani wakawaona mbuzi wa Barabara ya 12. Mimi ni V10 mara mbili, na yule mbuzi wa pili alikuwa na makosa.

Fundi wa Chumbageni
Turudi kwenye mada kabla mbuzi hajahojiwa. Mtoa mada, sikiliza kisa hiki, ni cha kweli na kiko vitabuni. Marekani, miaka ya 1990, jimbo la Massachusetts lilitoa kwa watafiti data ya matibabu ya watumishi wa serikali. Majina yalifutwa, kama ulivyofanya wewe. Gavana, William Weld, akawatoa watu hofu. Dada mmoja aliyekuwa mwanafunzi pale MIT, Latanya Sweeney, akanunua orodha ya wapiga kura wa mji wa Cambridge kwa dola 20. Akatazama: waliozaliwa siku moja na gavana mjini humo ni 6. Wanaume kati yao, 3. Wanaokaa eneo la posta la gavana, mmoja. Faili la gavana likawa mkononi mwake.

Baadaye huyo dada akakadiria kwamba asilimia 87 ya Wamarekani wanatambulika kwa vitu vitatu tu: tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya eneo la posta. Wewe umebakiza vitano.

Halafu nikuulize. Mtu anayeuliza jambo la kufikirika husema "mtu akibakiza". Wewe nimekuuliza "umebakiza nini" ukajibu haraka haraka. Hilo faili sasa hivi liko wapi?

Mtoto wa Makorora
Liko salama.

Fundi wa Chumbageni
Sikuuliza likoje. Nimeuliza liko wapi.

Mtoto wa Makorora
Sawa, nifunguke. Kuna jamaa nimesoma naye, anatengeneza programu ya kusaidia maduka ya dawa wajue dawa gani itatakiwa mwezi gani, ili zisiishe wala zisiharibike. Kitu cha maana kabisa kwa wananchi. Akaniomba data ya miaka miwili. Nimempa nusu kwenye flashi, akanipa laki nne. Nikimpa nusu nyingine ananimalizia laki nne. Ya kwanza nimeshalipia ada ya mdogo wangu, hairudi. Kwa hiyo swali langu sio kama nimpe au nisimpe, hilo limeshapita. Swali ni kama nilivyofuta majina inatosha. Na mjue sijauza siri ya mtu, nimeuza namba.

Kahawa Chungu
Kumbe wali ulikuwa umeshafika kweli.

Ustadhi Mjini
Kijana, amana ni amana. Yule mgonjwa alikwenda kwa daktari akavua shati, hakuvua ili wewe ulipie ada. Halafu hii ya kusaidia ndugu kwa njia za pembeni naijua. Mwaka fulani shemeji yangu alinikopa akiniapia anakwenda kununua mkonge...

(uzi wa shemeji wa Ustadhi nimeuruka, ulikuwa na sehemu tatu – *Phoenix ya Babu*)

Bi Raskazone
Kwa faida ya wote: tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inafanya kazi tangu Mei 2023, na kuna Tume yake. Taarifa za afya ziko kwenye fungu la taarifa nyeti, na hizo kuchakata kunataka ridhaa ya mhusika kwa maandishi, isipokuwa kwa sababu zilizotajwa humo. Programu ya rafiki yako sidhani kama imetajwa. Tena hata kama nia ni njema, njia ilikuwepo: angeandika barua kwa uongozi wa kituo, akaomba jumla za kila mwezi. Kwa kukisia dawa, jumla zinamtosha. Hana haja na mstari wa mtu mmoja mmoja.

Mtoto wa Makorora
Bi mkubwa, jumla alizikataa, alisema mashine inajifunza vizuri zaidi kwa mstari mmoja mmoja. Na kodi ni herufi na namba tu. Nani mtaani anajua B24 ni nini?

Nesi Mstaafu
Mimi najua. Ni virusi vya UKIMWI. Na umeiandika hadharani kama mfano, maana yake imo kwenye faili.

Fundi wa Chumbageni
Na Google inajua. Haya, tufanye hesabu yako. Bibi wa miaka 94, wa Chongoleani, alikuja tarehe 3. Chongoleani wako wangapi wa umri huo? Nani alimbeba kwenye pikipiki siku hiyo? Hapo huhitaji kompyuta wala shahada, unahitaji shangazi mmoja tu aliyekaa barazani.

Ungetaka kufanya ipasavyo ungeandika "zaidi ya miaka 60", "Tanga Jiji" badala ya mtaa, mwezi badala ya tarehe, halafu ukahakikisha kila mstari unafanana na mingine minne hivi. Mstari uliobaki peke yake unautoa. Ndiyo ile kanuni ya k ya mwaka 2002, k ni idadi ya mistari inayofanana, nayo ni ya Sweeney huyo huyo. Hata hiyo ina matundu yake: hao watano wanaofanana wakiwa wote B24, umewataja wote kwa mpigo.

Nesi Mstaafu
Mwanangu, mimi nina swali dogo. Mfumo wowote wa kompyuta wa hospitali wenye akili huandika nani kafungua nini na saa ngapi. Faili hilo ulilitoa kwa akaunti ya nani?

Kahawa Chungu
Kimya.

Nesi Mstaafu
Nimekuuliza, mwanangu.

Mtoto wa Makorora
Mama, akaunti yangu hairuhusiwi kutoa faili la mgonjwa mmoja mmoja, inatoa ripoti tu. Nilitumia ya dada wa mapokezi. Lakini pasiwedi yake imebandikwa kwenye karatasi pembeni ya skrini, kila mtu anaitumia, hata mlinzi akitaka kuangalia mpira. Sio kwamba nimeiba.

Bi Raskazone
Subhanallah.

Kahawa Chungu
Jamani, mimi nasema hii ni chai, tena ina tangawizi. Angalieni ilivyopangwa: kwanza maneno ya semina, kisha ICD, kisha sheria, kisha akaunti. Huyu ni mwanachuo, amepewa kazi ya darasani "fafanua dhana za taarifa za afya", akaona atutungie hadithi tumjazie karatasi bure. Na mlinzi anaangalia mpira kwenye mfumo wa wagonjwa? Hebu.

Phoenix ya Babu
Sasa umenitia wasiwasi. Na mimi nimeshamwaga siri za mbuzi.

Ustadhi Mjini
Kama ni ya kutunga basi shemeji yangu mimi ni wa kweli.

Nesi Mstaafu
Tumpime. Mtoto wa Makorora, Kitabu cha 12 cha MTUHA ni cha nini?

Mtoto wa Makorora
Wodi ya wazazi. Cha 5 ni wagonjwa wa nje, cha 6 wajawazito. Na mpira anaangalia kwenye kompyuta, sio ndani ya mfumo, mnajua nilichomaanisha.

Nesi Mstaafu
Ni wetu huyu.

Kahawa Chungu
Google inajua, si mmesema wenyewe?

Fundi wa Chumbageni
Wa kweli au wa chai, jibu ni lile lile. Flashi irudi, nusu ya pili usitoe, umwambie mfawidhi, mkuu wa kituo, kabla hajaambiwa na mashine.

Mtoto wa Makorora
Mfawidhi ameitisha kikao kesho saa mbili asubuhi, wafanyakazi wote. Sikutaka kuliandika hili mwanzo. Dada wa mapokezi amenitumia ujumbe anauliza kama najua kinahusu nini. Sijamjibu.

Nesi Mstaafu
Mjibu.

Phoenix ya Babu
Umemjibu?

Kahawa Chungu
Ametoka mtandaoni saa tatu na dakika kumi. Niliwaambia chai.

Nesi Mstaafu
Au anampigia.