Meza ya chuma na kioo ya miaka ya 1950: nipake kromu upya au niiache ilivyo?

Mkazi wa Moshi
Habari za jioni, ndugu zangu. Nimenunua meza fupi ya sebuleni kwenye mnada wa vyombo vya nyumba hapa Moshi. Kiunzi chake ni vyuma vinne bapa vinavyofanana, vilivyounganishwa kwa kupishana, na vyote vinaonekana kupitia kioo cha mraba kilicholala juu yake. Karibu na sakafu chuma kina vidoadoa vya kutu, na kona moja ya kioo imemeguka. Fundi anashauri tupige msasa, tupake kromu upya na kupunguza kioo. Naomba ushauri kabla sijamruhusu.

Mkusanyaji, Arusha
Ndugu yangu, msasa usiguse meza hiyo. Unavyoieleza inafanana na meza iitwayo PK61, iliyobuniwa mwaka 1956 na Mdenmark Poul Kjærholm, mtu aliyesomea useremala lakini akakipa chuma heshima ileile ambayo wenzake waliipa mbao. Kioo chake kina upande wa sentimita 80. Kagua sehemu za ndani za chuma utafute mhuri, kwa kuwa za awali zilitengenezwa na E. Kold Christensen, na baadaye kazi hiyo ikachukuliwa na kampuni ya Fritz Hansen. Grenda hufuta mhuri kwa dakika moja. Zaidi ya hayo, kromu ya meza hizo za awali imefifishwa makusudi, hivyo kromu mpya ya kumetameta itaondoa sura aliyoikusudia mbunifu, hata kama chuma kitapendeza machoni.

Fundi vioo, Arusha
Kwanza hakikisha ni kioo cha aina gani. Kilichoimarishwa kwa joto hakikatwi tena. Ukijaribu, chote kinasambaratika kuwa punje. Kama ni cha kawaida kinakatika, lakini vipimo vikipungua uwiano wake na kiunzi umeharibika. Mimi ningelainisha kona kwa mkono tu, au ningeagiza kingine cha unene uleule na kukihifadhi cha zamani, kwa sababu mnunuzi makini atakiulizia.

Mama wa Njiro
Kwa kutu, kunja karatasi ya aluminiamu, iloweshe maji, usugue taratibu ukianzia mahali pasipoonekana. Stilwaya itaacha mikwaruzo. Kausha, kisha paka nta nyembamba. Vidoadoa kuwa chini hakunishangazi: nyumba zetu hudekiwa kila asubuhi, na maji hutuama miguuni mwa meza. Inyanyueni wakati wa kudeki, msiiburute.