DGT 3000 (saa ya kidijitali ya sataranji): sekunde 10 haziongezeki

Wakuu, tunaweka dakika 15 na nyongeza ya sekunde 10 kila hatua, lakini saa inashuka tu. Na mwamuzi akimpa mchezaji dakika 2, zinaingizwaje?

— Mkuu, mmechagua muda bila nyongeza. Wekeni Fischer, yaani aina ya muda inayoongeza sekunde kila hatua. Ikikaa sawa, kabla ya hatua ya kwanza itaonyesha 15:10, siyo 15:00, maana nyongeza ya kwanza hutolewa mwanzoni kabisa. Msiichanganye na Bronstein, aina nyingine ya muda: huko unarudishiwa ulichotumia tu, kisizidi hizo 10, kwa hiyo muda haukui hata ucheze haraka vipi.

— Dakika 2 (ndiyo adhabu ya FIDE, shirikisho la sataranji duniani, kwa hatua isiyo halali, anaongezewa mpinzani): simamisha saa, shikilia kitufe cha kuanza na kusimamisha kwa sekunde 3 hadi tarakimu ya kwanza iwakewake. Rekebisha, kisha thibitisha mpaka tarakimu ya mwisho. Andikeni kwanza muda wa pande zote mbili karatasini, tafadhali sana!

— Na wenzo wa juu: kabla ya kuanza, upande wa Mweupe uwe umeinuka. Ukiwa chini, muda wa Mweusi ndio utakaoliwa.