Waranti ya nyongeza ya laptopu: nilipe ama niweke pesa ya fundi?

mwalimu_arua
Salamu wakubwa. Nataka laptopu, na niko na njia mbili. Ya kwanza ni mpya, milioni 3 na kitu, muuzaji wa Kampala anasema nikiongeza laki 4 waranti inatoka mwaka 1 inakuwa miaka 3. Ya pili ni ThinkPad (laptopu ya Lenovo) ya mitumba, milioni 1 na nusu, duka linatoa miezi 3 tu, pesa inayobaki nakaa nayo. Kazi yangu ni kutunga mitihani na kuingiza maksi, sio gemu. Niko Arua, kumbukeni hiyo. Mnasemaje?

fundi_wandegeya
Mwalimu kabla hujatoa hiyo laki 4 muulize, hiyo miaka 3 ni ya nani? Ya kampuni iliyotengeneza mashine ama ya duka? Juu hizo ni vitu viwili kabisa. Ya kampuni inakaa na mashine yenyewe, unaingia tovuti ya HP au Lenovo unaandika namba ya seriali, ama kama ni Dell zile herufi na namba 7 za chini wanaziita Service Tag, inakuonyesha inaisha lini na ni ya aina gani. Ya duka ni karatasi na muhuri, duka likihama jengo unabaki na karatasi yako.

Halafu vile naona hapa mezani kwangu, zinazoletwa sanasana ni skrini imepasuka, chai imeingia kibodi, mahali pa kuchomeka chaja pamelegea, ama umeme umekatika ukarudi kwa fujo ukachoma kitu. Waranti ya kawaida ni ya kasoro ya kiwandani, hayo mengine watakuambia ni ajali au umeitumia vibaya. Juzi nimefungua moja, feni imevaa sweta ya vumbi jekundu, mwenyewe analalamika eti inazima yenyewe. Nani atalipia vumbi?

dada_wa_gulu
Fundi yuko sawa ila asitutishe sana. Sisi ofisini tunalipia kila mashine, juu ikikufa mtu anakaa bure na ripoti zinangoja, na nimeona mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, ikibadilishwa bila kutoa ata shilingi. Lakini soma aina yake. Kuna ile unapeleka mwenyewe, na kuna ile fundi anakuja kwako siku ya kazi inayofuata. Hiyo "siku inayofuata" ni pale walipo na mafundi, sisi huku kaskazini kuna moja tulingoja kipuri kitoke nje ya nchi mpaka tukasahau nani alikuwa anaitumia.

mzee_wa_busia
Mimi nahesabu kama mtu wa biashara. Mwaka wa kwanza tayari ni bure, kwa hiyo laki 4 unanunua mwaka wa 2 na wa 3 tu. Tuseme likitokea balaa kubwa fundi atakula milioni 1 na laki 2. Basi ili laki 4 isiende bure, kati ya mashine 3 kama hiyo lazima 1 ipate balaa ndani ya hiyo miaka 2, na liwe balaa wanalokubali kulipia. Mashine mbovu ya kiwandani kwa kawaida inajionyesha mapema, ukiwa bado kwa ule mwaka wa bure. Weka hiyo pesa, nunua stabilaiza ya kutuliza umeme na diski ya nje.

binti_makerere
Mzee kwa heshima, hiyo laki 4 ukiiweka kwa simu wiki mbili imeshakuwa ada ya mtoto wa shangazi 😂 Mimi nililipia ile ya ajali, sio ya kurefusha miaka, ni tofauti. Begi ililaliwa na mtu kwa taksi, skrini ikawa mistari mistari, wakabadilisha. Ila usifikiri ni sherehe, mara nyingi wanakubali tukio moja kwa mwaka, na ikiibiwa hiyo haiwahusu.

fundi_wandegeya
Nimesahau betri. Mtu anaona miaka 3 anadhani na betri imo, hapana, betri mara nyingi wanaipa mwaka 1 tu ata kama mashine ina 3, wanasema ni kitu cha kuisha. Na mafaili yako hayamo kwa waranti yoyote, diski ikifa wanakupa diski mpya tupu. Mwalimu mitihani yote iwe na bakapu, yaani nakala pengine.

wakili_mtaani
Ongezeni hii, watu hawaijui. Ata bila kununua waranti, ile sheria ya Uganda ya mauzo ya bidhaa na huduma ya 2017 inamdai muuzaji akupe kitu cha ubora unaofaa. Isipokuwa kasoro alikuonyesha ukakubali. Kwa hiyo risiti iandikwe modeli na namba ya seriali, sio "laptop 1".

mwalimu_arua
Asanteni. Sasa na umbali? Kampala ni karibu kilomita 480, nipeleke kwa basi nani analipa?

dada_wa_gulu
Wewe. Labda kama karatasi imesema wanakuja kuichukua. Mimi kwa ajili ya hiyo tu ningechukua ThinkPad, keyi zake na RAM (kumbukumbu ya mashine) mafundi wa hapo hapo Arua wanazijua.

fundi_wandegeya
ThinkPad ndiyo, ila angalia modeli, zingine nyembamba RAM imechomelewa kwa bodi huwezi kuongeza. Na hizo mitumba zingine zilikuwa za maofisi ya Ulaya, saa nyingine unakuta waranti ya Lenovo bado ina miezi imebaki. Modeli nyingi za ThinkPad waranti yake inavuka nchi, so angalia usiache pesa mezani.

mwalimu_arua
Nimempigia yule wa mpya. Miaka 3 ni ya duka lake. Namba ya seriali anasema atanitumia nikishalipa.

mzee_wa_busia
Banange, jamani.

fundi_wandegeya
Huyo wachana naye. Wa ThinkPad mwambie aipindue apige picha ya kibandiko cha chini, uilete hapa nikuangalizie leo leo kabla hawajafunga.