Waandishi wa hadithi, tupeane uzoefu: tabia gani ya kuandika imewahi kukutia matatani?

Mwana wa Kinawataka: Wapendwa, jana usiku nimesimama Wandegeya nangoja rolex, ile chapati ya kuviringishwa na yai, kijana wa chapati akaniuliza, "Ssebo, mbona unanikodolea mkono hivyo?" Kumbe nilikuwa nahesabu anavyoigeuza chapati juu ya yai. Nina mhusika mpika chapati ambaye huu mwaka wa pili hajapika hata moja, kwa sababu mwandishi wake hajui inavyopikwa. Nilishindwa kujieleza. Nikasema humu nitapata wenzangu. Mwageni.

Popo: Mimi ni wa saa tisa usiku. Muzigo wangu ni chumba kimoja, mke, watoto wawili, taa moja. Nikawa naingia chini ya meza na tochi ya simu. Siku ya nne mama mwenye nyumba akaja na mwenyekiti wa LC, yaani wa serikali ya mtaa. Wameona mwanga unachezacheza dirishani, wanataka kujua nafuga nini.

Kalamu Kavu: Saa tisa ndiyo yenyewe. Ukisubiri kuku wawike umeshachelewa.

Mjukuu wa Jajja: Yangu ni majina. Nilikuwa nachukua tu jina linaloniimbia vizuri sikioni. Nikaandika hadithi ya mapenzi, kijana na binti wa Masaka, nikawapendanisha, nikawafungisha ndoa ukurasa wa mwisho, raha tupu. Nikamsomea jajja. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa nini nimemwozesha kijana dada yake. Majina yote mawili ni ya ukoo wa Nsenene! Muganda yeyote anayesoma angejua tangu ukurasa wa kwanza kwamba hawa hawaoani. Nilidhani nimeandika mapenzi, kumbe nimeandika aibu. Sasa kila mhusika nauliza ukoo kabla sijampa hata viatu.

Popo: Hiyo ungeiacha hivyohivyo. Riwaya tayari.

Binti wa Busia: Mmenikumbusha safari ambayo hadi leo nikipanda takisi nakaa kimya kama gunia.

Tabia yangu: mazungumzo siyaandiki mpaka niyatamke. Nikiwa safarini najirekodi kwenye simu. Na sura za watu naziiba hapohapo nilipo, maana uso wa kubuni siuwezi. Siku hiyo natoka Busia naenda Kampala, tumeshavuka daraja la Jinja, msitu wa Mabira unaanza. Niko kiti cha nyuma nimeinamia simu. Hadithi yangu ilikuwa ya majambazi wanaoteka gari, basi nikanong'ona kwa sauti ya mkubwa wao: "Penye miti mingi dereva asimame. Yule mama wa kitambaa chekundu ashuke kwanza, pesa ziko kifuani. Mzee wa kofia msimguse, ana ugonjwa wa moyo."

Kitambaa chekundu kilikuwa kiti cha mbele yangu. Mzee wa kofia alikuwa ubavuni mwangu.

Yule mama hakugeuka. Alipeleka mkono kifuani taratibu, akashika. Pesa kweli zilikuwa hapo! Halafu akamwambia konda neno moja kwa Luganda, kwa upole kabisa, kama mtu anayeomba kushuka. Gari zima likanyamaza. Hata redio ilizimwa. Tulipofika Najjembe, wauza kuku na gonja, ndizi za kuchoma, wakalikimbilia dirisha kama kawaida yao, konda akafungua mlango akapaza sauti: "Mubbi!" Yaani mwizi.

Mnajua neno hilo linavyoita mawe.

Aliyeniokoa ni mzee wa kofia. Alisimama mlangoni na bakora yake akasema huyu atafika polisi na meno yake yote. Labda ni kwa kuwa nilisema asiguswe, sijui. Kituoni afisa akasikiliza rekodi zote, kumi na moja. Ya tatu akavuta kiti. Ya saba akamwita mwenzake. Mwisho akaniambia, "Dada, jambazi gani anasema 'naomba mshuke kwa utaratibu'? Mimi hawa nimewakamata. Utaratibu hawana." Akanionyesha wanavyosema, na mkono unavyokaa. Nimeyatumia yote.

Ila takisi ilishaondoka na begi langu. Ndani mlikuwa na daftari la sura sita, na mukene, yaani dagaa, niliokuwa nampelekea shangazi.

Mjukuu wa Jajja: Bannange!!!

Kalamu Kavu: Mimi hutamka bafuni. Humo hamna abiria.

Mzee wa Bombo: Pole sana, binti yangu. Lakini nina neno. Kwa nini jambazi wako anaongea Kiswahili? Kila mwandishi wa Uganda akitaka mwizi anampa Kiswahili, akitaka askari mkorofi anampa Kiswahili. Mpenzi hapewi. Mama anayebembeleza mtoto hapewi. Sisi Bombo tuna Kinubi nyumbani na Kiswahili dukani, na hatujamteka mtu.

Nnalongo wa Mukono: Mzee wangu, kwa heshima. Mama yangu alikuwa Kampala miaka ya 1970, enzi za Idi Amin. Kiswahili alichokisikia kwa askari ni "toka nje" na "lala chini". Hakukisikia dukani. Hadi leo mtu akigonga mlango na kusema hodi, anazima taa. Mwandishi akiandika hivyo hasingizii.

Mzee wa Bombo: Na sisi tuliokuwepo 1979, Amin alipoangushwa, tulikimbia, Nnalongo. Usinifundishe.

Nnalongo wa Mukono: Sikufundishi, mzee. Nakusimulia.

Mwalimu Mstaafu: Mwaka 1962, mwezi Juni, waandishi wa Afrika walikutana hapa Makerere, nao walikuwa wale wa Kiingereza. Mwezi huohuo Shaaban Robert akafariki, hakuwamo kwenye mkutano. Baraza la mawaziri limekuja kupitisha Kiswahili kiwe lazima shuleni mwaka 2022. Miaka sitini! Mnataka mhusika gani akijue?

Popo: Mwanangu anakisoma shuleni sasa. Anasahihisha ngeli zangu kwa kalamu nyekundu. Jambazi nilivumilia, huyu siwezi.

Mwana wa Kinawataka: Ndugu zangu, mada ni tabia za kuandika.

Nnalongo wa Mukono: Hiyo ndiyo mada. Sikio.

Kalamu Kavu: Ushauri wangu: usitamke, usirekodi, andika kwa mkono ambao hausomeki. Hata polisi watachoka.

Mjukuu wa Jajja: Mimi nasema tamka, ila kwa Luganda, kisha utafsiri nyumbani.

Mwalimu Mstaafu: Usitafsiri kamwe. Inanuka.

Popo: Jitumie kila sura kwa WhatsApp. Daftari likipotea, hadithi ipo.

Mzee wa Bombo: Binti, nimekuwa mkali. Niambie tu, begi lilipatikana?

Binti wa Busia: Shikamoo mzee, hakuna ubaya. Siku ya tatu nililikuta kwenye stendi, konda amelining'iniza nyuma ya kiti. Mukene hakuna hata mmoja. Daftari lipo vilevile, hakuna aliyelitaka.

Kalamu Kavu: Mukene wa ziwa lipi?

Binti wa Busia: Nalubaale, hilo mnaloita Victoria. Umekaushwa vizuri, hauna mchanga.

Kalamu Kavu: Basi konda hana kosa.