Pindo la blanketi la viraka: ukanda wa pembeni au kukunja kitambaa cha nyuma?

mama_wa_ibanda (Bukavu)
Jambo wote. Uso wa blanketi langu la viraka umekamilika, vitenge vitupu, sentimita 150 kwa 200. Katikati nitaweka blanketi jepesi la zamani, maana baridi ya usiku huku mnaijua. Nyuma nina kitenge kizima cha yadi 6, buluu iliyokoza. Sasa pindo: nikunje kitambaa cha nyuma kije mbele, au nizungushie ukanda? Nashona kwa mashine ya pedali. Mliofanya zote mbili, ipi inadumu?

nyota_himbi (Goma)
Kunja tu, mama. Acha cha nyuma kizidi uso kwa sentimita 5 kila upande, kikunje mara mbili, pitisha mshono mmoja, kwisha. Ukanda ni wa watu wenye kitambaa cha kuchezea.

fundi_kadutu (Bukavu)
Tupige hesabu kwanza. Kitenge kina upana wa kama sentimita 115, kwa hiyo mgongo wa blanketi hilo utaunga vipande viwili vya mita 2.10. Unapata upana unaozidi mita 2.20, na unaohitajika ni 1.60. Kinachobaki pembeni kinatoa kanda nne za sentimita 6, ukiziunga ni mita 8 na ushee. Mzunguko wa blanketi ni mita 7. Kitambaa gani kimechezewa hapo?

Halafu blanketi huanza kuchakaa pembeni, pale linapovutwa usiku na kusuguliwa kwenye beseni. Ukanda ukichakaa unaufumua, unaweka mwingine. Ukikunja, kilichochanika ni mgongo wenyewe. Utafumua nini?

nyota_himbi
Hesabu umenipata, fundi. Lakini pembe za ukanda ndizo zinazokimbiza watu.

fundi_kadutu
Pembe ni utulivu tu. Kunja ukanda katikati kwa urefu, upige pasi. Ushone upande wa mbele, kingo mbichi zikilingana na ukingo wa blanketi. Ikibaki sentimita 1 kufika pembe, simama, funga mshono, kata uzi. Inua ukanda uelekee juu mpaka mkunjo ulale mshazari, kisha ushushe ufuate upande wa pili, uanze kushona toka ukingoni. Patabaki kisikio kimesimama. Usikikate! Hicho ndicho kinachojaza pembe ukigeuzia nyuma. Huko nyuma mimi namalizia kwa mkono. Na usikate kanda kwa mshazari, huo ni wa pembe za mviringo.

katuba_lushi (Lubumbashi)
Mnabishania pindo, na hakuna aliyemuuliza tabaka tatu atazishikisha vipi. Kwa pedali mimi simshauri mistari mirefu: meno ya mashine yanavuta kitambaa cha chini, cha juu kinabaki nyuma, mwisho ni makunyanzi. Afunge mafundo. Sindano izame toka juu, irudi juu karibu na ilipoingia, afunge kulia juu ya kushoto, halafu kushoto juu ya kulia. Aanzie katikati kwenda nje, akiacha viganja viwili hivi. Blanketi la ndani halitembei kama pamba, mafundo yanaweza kuachana. Pindo lije mwisho.

fundi_kadutu
Mashine inaweza, ukilegeza skrubu inayokandamiza mguu na kuweka sindano nene. Ila kwa blanketi la kwanza, sawa, mafundo.

binti_bagira (Bukavu)
Yaya, hiyo buluu umeifua? Lowesha kona, isugue na kitambaa cheupe. Ikiacha rangi, ifue peke yake mpaka maji yatoke safi, la sivyo viraka vyeupe vyote vitageuka mawingu. Pia isinyae sasa, si baada ya kushonwa.

mama_wa_ibanda
Aksanti mdogo wangu, sijaifua. Na uso je, niufue pia?

binti_bagira
Hapana, mishono ya ndani itachambuka nyuzi. Jaribu tu rangi nzito kwa kitambaa hicho hicho.

mama_wa_ibanda
Basi ni mafundo na ukanda. Uzi gani? Nina wa sweta mwingi nyumbani.

katuba_lushi
Kama ni wa nailoni, uache. Unateleza, fundo linafunguka ukifua. Tafuta uzi wa pamba wa kudarizi, uupitishe mara mbili, uache ncha za sentimita 2.