Mgahawa wa Kimeksiko wa kueleweka Iowa City ni upi? Naomba ushauri

Mnyalu_wa_Iowa (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nipo Iowa City, Marekani, nasoma University of Iowa. Huu ni mji wa chuo haswa: wanafunzi wakiondoka Mei, katikati ya mji unaweza kulala barabarani usigongwe.

Ishu yangu ni hii. Maabara yetu kuna jamaa Mmeksiko, kwao Puebla. Mwezi ujao anatetea tasnifu yake, na sisi wenzake tumepanga kumtoa tukale. Iwe sapraizi, kwa hiyo yeye mwenyewe hatuwezi kumuuliza. Tatizo ni kwamba kila mgahawa wa Kimeksiko tuliowahi kwenda naye karibu na chuo, jamaa anakula kwa adabu tu, anasema "ni kizuri", halafu hamalizi.

Nimechungulia Google, haisaidii. Kila sehemu ina nyota nne na kitu, na wanaosifia wanasifia ukubwa wa sahani na bei ya margarita (kileo cha tequila). Chakula chenyewe ni kilekile: nyama ya kusaga, jibini la njano limemwagwa juu mpaka huoni unachokula, wali mwekundu, maharage ya kupondwa pembeni. Agiza namba 4 au namba 17, ladha ni moja.

Tuko sita. Gari lipo moja, dogo. Bajeti ni dola 20 kwa kichwa, bakshishi humohumo. Mmoja wetu ni dada wa Lamu, nguruwe hagusi. Anayepafahamu huku anisaidie. Na kama hupafahamu, niambie basi unautambuaje mgahawa wa Kimeksiko wa ukweli ukiwa mji mgeni.

---

Kisonko

Wenzako huku tunawaza luku, wewe unawaza taco. Haya, nakaa hapa nafuatilia.

---

Shemeji_wa_Dallas

Iowa? Mkuu, hiyo ni nchi ya mahindi na nguruwe. Chakula cha Kimeksiko kinatafutwa Texas, California, Chicago. Mpelekeni huyo jamaa akale pizza yaishe.

---

BukavuMpakaIowa

Ba ndugu, jambo. Huyo wa Dallas asiwadanganye. Mimi naishi hukuhuku, miaka sasa, na Wakongo tumejaa mji huu.

Mnyalu, unatafuta pabaya. Karibu na chuo, pale Ped Mall, eneo la watembea kwa miguu katikati ya mji, mwenye mgahawa analipa kodi ya pango kubwa na mteja wake ni mwanafunzi wa miaka 20 anayetaka kushiba na kunywa. Anapika kinachouzika kwa huyo. Simlaumu. Lakini Mmeksiko anayefanya kazi hapa hakai Ped Mall. Anakaa kusini mwa mji, kule kwenye Highway 6, au anakaa West Liberty.

West Liberty umeshawahi kufika? Ni kilomita kama 25 hivi, unaifuata hiyohiyo Highway 6 kuelekea mashariki. Mji mdogo, watu hawafiki 4,000, na sensa ya 2010 ilikuta zaidi ya nusu yao ni Walatino, mji wa kwanza Iowa nzima kuwa hivyo. Kilichowaleta ni kiwanda cha nyama ya bata mzinga. Watu walikuja kufanya kazi, wakaleta familia, wakafungua maduka, shule ikaanza kufundisha watoto kwa Kihispania na Kiingereza pamoja. Pale mgahawa haupikii mtalii. Unampikia mtu aliyetoka zamu saa tisa mchana, ana njaa, na anajua mama yake alivyokuwa anapika. Ukimpa takataka harudi, na mji mzima unajua kabla jua halijazama.

Kusini zaidi kuna Columbus Junction, nako kuna kiwanda cha nyama ya nguruwe na hadithi ni ileile. Ila huko ni mbali kwa watu sita na gari dogo.

---

Mama_Shani

Naungana na Bukavu. Mimi nipo mji mwingine wa chuo, si huo, lakini mbinu ni ileile popote Marekani: tafuta duka la vyakula la Wameksiko, kisha angalia kama nyuma au pembeni kuna jiko. Penye rafu za pilipili kavu na mishumaa ya watakatifu, na kijimeza cha plastiki karibu na friji ya soda, hapo kaa.

Halafu soma ubao. Ukiona *lengua* (ulimi), *tripa* (utumbo mwembamba), *cabeza* (nyama ya kichwa), ujue kuna wateja wanaozijua hizo nyama, maana mwanafunzi wa Iowa haagizi ulimi. Taco yenyewe ije ndogo, kwenye tortila (vichapati) laini za mahindi, mara nyingi mbilimbili, na juu kitunguu na giligilani tu, ndimu pembeni. Jibini la njano na ganda gumu linalovunjika ni mambo ya upande huu wa mpaka.

Wikendi uliza *menudo*. Ni supu ya utumbo, mara nyingine na kongoro ndani, na wenyewe wanainywa asubuhi hasa baada ya usiku mrefu. Mtanzania gani atahitaji kuelekezwa hapo?

---

PwaniNiKwetu

Samahanini, naongea kwa niaba ya huyo dada wa Lamu, maana naona mnapita tu. "Nguruwe hagusi" Iowa si jambo dogo. Jimbo hilo lina nguruwe zaidi ya milioni 20 na watu milioni 3 na ushee.

Kwenye chakula cha Kimeksiko nguruwe hajitangazi. *Carnitas* ni yeye. *Al pastor* ni yeye, ingawa inazungushwa kwenye mti wa chuma kama shawarma na utadhani ni kondoo. *Chorizo* mara nyingi ni yeye. Hayo unayaona kwenye ubao. Usiyoyaona ni haya: maharage ya kupondwa hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, *manteca*. Tamale (unga wa mahindi unaofungwa kwenye majani na kupikwa kwa mvuke) pia, unga wake unakandwa na mafuta hayohayo. Na tortila za ngano nazo zina historia hiyo, japo siku hizi wengi wanatumia mafuta ya mimea.

Kwa hiyo aulize, tena kwa Kihispania: *¿Lleva manteca?* (Kina mafuta ya nguruwe?) Hapo atajibiwa kwa ukweli, tena kwa heshima, sijaona mpishi akikasirika. Tortila za mahindi ni salama kwa kawaida, ni mahindi, maji na chokaa. Samaki na kamba wapo. Kama yeye anashika na suala la kuchinjwa, basi achukue samaki, parachichi, na maharage ya *de la olla*, yale ya kuchemshwa tu, lakini nayo aulize kwanza, maana wengine hutia kipande cha nyama ya nguruwe.

---

Mnyalu_wa_Iowa

Aisee shukrani. Kumbe al pastor ni nguruwe! Juzi juzi hapa mtu alitaka kumshauri huyo dada aichukue kwa sababu "inafanana na shawarma".

Bukavu, West Liberty nimeipita tu nikiwa safarini, sikujua. Swali: ukiwa na mtu wa Puebla, tukifika pale tuagize nini? Na kwa Iowa City penyewe, kama gari likigoma, kuna pa kwenda kwa basi?

---

Hawkeye_wa_Kisii

Mabasi ya jiji hayalipishi nauli tangu Agosti 2023, kwa hiyo hiyo dola 20 yote inaenda tumboni. Teremkeni upande wa kusini mwa mji. Kuna La Regia, na kuna El Paso pale Hollywood Boulevard. Hizo mbili si za kuogopa kumpeleka Mmeksiko. Nendeni mchana kweupe, siku ya kazi, muone nani amekaa ndani. Ukikuta vijana wa ujenzi na viatu vyao vya vumbi, vuta kiti.

Lakini wasee, niseme jambo ambalo halitawafurahisha. Mnadharau sana vya karibu na chuo. Panchero's ilianzia hapahapa Iowa City mwaka 1992, mjini palepale jirani na chuo, ndipo ikaenea majimbo mengine. Tortila unaona inabanwa mbele yako donge kwa donge, inaiva hapohapo. Si chakula cha Puebla, ni buriti (tortila ya ngano iliyoviringishwa na vitu ndani) kubwa ya mtindo wa San Francisco. Sasa? Saa saba usiku umetoka maktaba, theluji nje, nani anakupeleka West Liberty? Kila kitu na saa yake.

---

Shemeji_wa_Dallas

Buriti ya maktaba. Nimenyamaza.

---

BukavuMpakaIowa

Hawkeye amesema kweli, hata mimi nakula pale. Ila si kwa sherehe ya mtu wa Puebla.

Mnyalu, kuhusu kuagiza. Msikimbilie *mole* (mchuzi mzito wa pilipili) kwa sababu tu Puebla inasifika kwayo. Mole ya kweli ina pilipili za aina tatu nne, ufuta, karanga au lozi, viungo, tone la chokoleti, na inachukua siku nzima. Ikiwa mwenye mgahawa ni mtu wa kaskazini ya Meksiko, mole yake inaweza kuwa ya kopo, na huyo jamaa wenu ataigundua kwa kijiko cha kwanza. Meksiko ni kubwa. Kumwekea mtu wa Puebla chakula cha Durango ni sawa na kumwalika Mhaya kwa ahadi ya chakula cha nyumbani halafu umpe ugali wa sembe: atakula, ila hujampikia.

Kwa hiyo mmoja wenu aende kabla, siku ya kawaida, anywe soda, amuulize mwenye duka anatoka jimbo gani na siku gani anapika kitu cha kwao. Wanapenda kuulizwa. Kama ni mtu wa Jalisco mtapata *birria*, mchuzi wa mbuzi. Kama kuna *trompo* (ule mti wa chuma wenye nyama) inazunguka, al pastor hiyo kwa jamaa wenu ni kama nusu ya nyumbani, maana asili yake iko Puebla: Walebanoni walihamia kule wakaja na shawarma yao, zikaanza *tacos árabes*, baadaye zikageuka al pastor za Jiji la Meksiko. Pwani hakukosea kuona shawarma.

---

Mkulima_Msomi

Naongezea la mahindi kwa sababu naona linapita juu juu. Tortila nzuri ndiyo nusu ya mgahawa. Punje huchemshwa na chokaa, zinalala kwenye maji hayo usiku kucha, zinaoshwa, ndipo zinasagwa zikiwa bado na majimaji. Chokaa inalainisha ganda na pia inafungua niasini (aina ya vitamini B) iliyomo kwenye mahindi. Bila hiyo, watu wanaokula mahindi matupu hupata ugonjwa wa pelagra, kama ilivyotokea Ulaya na kusini mwa Marekani mahindi yalipochukuliwa bila ule ujuzi. Mgahawa wa kawaida unatumia unga mkavu uliokwisha kupitia hatua hizo, kama Maseca, na si dhambi. Lakini ukipata penye tortila za siku hiyohiyo utajua kwa harufu, kabla hujaketi.

Na tafadhali, mnaoishi huko: msipikie ugali huo unga. Unashika, unateleza, na ladha ya chokaa haiondoki. Kwenye duka hilohilo kuna unga mwingine wa mahindi meupe, soma pakiti.

---

Mama_Shani

Hahaha, kuna watu wamesoma hiyo aya ya mwisho wakatazama pakiti kabatini.

Mnyalu, vinywaji usisahau. Achaneni na margarita. *Agua de jamaica* ni choya, ileile tunayochemsha nyumbani, na *tamarindo* ni ukwaju. Dada wa Lamu atajisikia yuko kwao.

---

Mnyalu_wa_Iowa

Wakuu, nimeelewa. Jumamosi hii naenda West Liberty na mwenzangu kupeleleza, nitauliza mwenye mgahawa anatoka wapi, nitaonja tortila, nitauliza habari za manteca. Nikikuta panafaa, ndipo tunampeleka jamaa baada ya utetezi. Pasipofaa, tunabaki La Regia. Nitaleta mrejesho.

Bado suala la usafiri. Gari letu ni la watu watano na mmoja wetu ni mrefu kupita kiasi.

---

BukavuMpakaIowa

Nipigie PM. Nina gari ya viti saba na siku za Jumamosi sina zamu. Mafuta mtachangia.

Mkienda, fikeni kabla ya saa saba mchana, wikendi vitu vizuri vinaisha mapema, hasa supu. Na bebeni noti, maduka mengine madogo yanaongeza senti ukilipa kwa kadi.

---

PwaniNiKwetu

Na mkishapata jibu la manteca liandikeni hapa, lenye jina la mgahawa. Tupo wengi tunaosoma kimya kimya.