Baba anaandika vizuri lakini hawezi kusoma alichoandika baada ya kiharusi

Binti Mwalimu:
Habari zenu, ndugu zangu. Baba yangu, mwalimu mstaafu, alipata kiharusi mwaka huu. Anatembea na kuzungumza bila shida, ila kusoma kumemtoka. Juzi nilimwomba aniandikie mahitaji ya dukani, akaandika kwa mwandiko wake ule ule mzuri: unga, sukari, mafuta ya taa. Baadaye kidogo nilipomrudishia karatasi aliikodolea macho kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine, akawa anataja herufi moja moja, "u, n, g, a", ndipo akalipata neno. Tumembadilishia miwani bila nafuu. Majirani wanasema akili imeguswa, naye anaona haya kumpa mjukuu amsomee ujumbe wa M-Pesa. Je, hali hii inajulikana?

Tiba ya Lugha:
Pole sana, na mfikishie mzee shikamoo yangu. Hali hii inajulikana tangu zamani. Mwaka 1892 daktari Mfaransa, Jules Dejerine, alieleza habari za mfanyabiashara wa Paris ambaye mwaka 1887 alijikuta ghafla hawezi kusoma, ilhali aliweza kuandika imla, kisha akashindwa kusoma alichokiandika kwa mkono wake. Alipofariki, ubongo wake ulionyesha kwamba kiharusi kilikuwa kimeharibu sehemu ya nyuma ya upande wa kushoto pamoja na njia ya kupitishia taarifa za macho kutoka upande wa kulia. Lugha ya mgonjwa wa namna hii ni nzima na akili yake ni nzima. Kilichokatika ni njia kati ya kuona herufi na kulitambua neno, na ndiyo maana miwani haisaidii.

Ombeni apimwe upana wa kuona, kwa kuwa wengi wa hawa hupoteza eneo la kulia kwa macho yote mawili, na maneno yetu marefu huwakatikia mwishoni. Nyumbani, achague aya fupi anayoipenda, aisome kwa sauti kila siku mpaka itiririke, kisha ahamie nyingine. Herufi ikimgomea, aichore kwa kidole kiganjani, kwa sababu mkono wake bado unaikumbuka.

Mama Zuhura:
Ninaongeza jambo moja, kwa kuwa viharusi havifanani. Cha mama yangu kilikuwa upande wa kulia wa ubongo, akawa haujali upande wa kushoto wa chochote kilicho mbele yake. Katika Kiswahili hilo ni zito, maana mwanzo wa kitenzi ndio unaobeba nafsi, wakati na ukanushi: "hatutakuja" alilisoma "takuja", na kwenye karatasi ya dawa "usitumie" alilisoma "itumie". Tangu siku hiyo dawa zake nazishika mimi. Tulifundishwa kuchora mstari mwekundu ukingoni kushoto mwa ukurasa, autafute kwanza kabla ya kuanza kila mstari. Katika msahafu, ambao husomwa kutoka kulia, mianzo ya mistari aliiona vizuri na taabu ikahamia kwenye miisho.

Binti Mwalimu:
Mmenifumbua macho, nawashukuru. Je, nimnunulie vitabu vya darasa la kwanza?

Tiba ya Lugha:
Hapana, tafadhali. Mtu aliyefundisha watoto wa wenzake miaka mingi asipewe picha za kuku na mpira. Mpeni magazeti, barua zake za zamani, majina ya wanawe, vitu ambavyo ana sababu ya kutaka kuvisoma. Simu nyingi siku hizi zinaweza kusoma ujumbe kwa sauti. Mwekeeni, ili mambo ya fedha yabaki siri yake. Kama bado anaendesha pikipiki, asimame kwanza mpaka upana wa kuona upimwe, na usomaji ukizorota ghafla kuliko ulivyo sasa, mkimbizeni hospitali siku hiyo hiyo.